Hewa ikikauka nyumbani: je, ununue mashine ya unyevu?

Kila kiangazi kikikolea, ujumbe wa aina moja hurudi kwenye simu ya kipindi. Safari hii ametuandikia mama mmoja kutoka wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mwanawe wa miaka mitatu anaamka asubuhi akiwa na damu puani, midomo imepasuka, na usiku anakohoa. Mama huyo ameona kwenye simu tangazo la mashine inayotoa ukungu mweupe chumbani, na muuzaji anasema inatibu kikohozi na mafua ya watoto. Pesa ya alizeti ameishika mkononi. Anauliza: ninunue?

Jibu letu kwa ufupi: mashine hiyo hufanya kazi moja tu, nayo ni kuongeza maji hewani. Kama shida ya nyumba yako ni hewa kavu, inaweza kusaidia. Kama shida ni moshi, vumbi au ugonjwa, haitasaidia, na pengine itakuchelewesha kumpeleka mtoto kwa mganga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue ipi, jua kwanza hewa ya chumba chako ikoje.

Mashine hizi zimetoka wapi?

Wauzaji huziita hyumidifaya. Sisi tutaziita mashine za unyevu. Zinauzwa sana kwenye nchi za baridi kali, na ipo sababu.

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi wa maji kuliko hewa ya baridi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakati wa baridi hufunga madirisha na kuwasha mitambo ya kupasha nyumba joto. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 0, hata ikiwa imeshiba mvuke, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20 unyevu wake hushuka hadi karibu robo tu ya kile inachoweza kubeba. Ngozi inakauka, pua inakauka, samani za mbao zinapasuka. Hapo ndipo mashine hizi zilipopata soko.

Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia. Asilimia 100 maana yake hewa imeshiba, haiwezi kubeba zaidi. Ndani ya nyumba, kati ya asilimia 30 na 50 ni hali nzuri. Chini ya 30 utaanza kuona ukavu. Ukipita 60, kuvu huanza kuota ukutani na kwenye nguo, na wadudu wadogo wa vumbi la godoro, wale wanaowasumbua wenye pumu, huzaana vizuri. Kwa hiyo unyevu mwingi kupita kiasi nao unaleta maradhi.

Je, hewa ya kwako ni kavu kweli?

Anza na kopo la chumvi. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani na kulowa unyevu unapofika karibu asilimia 75, na ile ya mawe hulowa mapema zaidi. Kama chumvi yako inagandamana na kutoa maji, kama ilivyo kwa wasikilizaji wetu wengi wa Tanga, Lindi, Pemba au Mombasa, hewa yako ina maji ya kutosha. Usinunue mashine ya kuyaongeza.

Chumvi ikibaki kavu haina maana kwamba hewa ni kavu mno; ina maana tu kwamba si mbichi. Hapo tazama dalili nyingine: midomo na visigino vinapasuka nyumba nzima, si kwa mtoto mmoja tu. Sweta la nailoni linatoa cheche ukilivua gizani. Nguo nzito ulizoanika ndani usiku zimekauka kabla ya alfajiri. Dalili hizi huonekana Dodoma, Singida na maeneo mengine ya kati wakati wa upepo wa kiangazi.

Njia ya uhakika ni kipima unyevu. Wafugaji wanaototolesha vifaranga kwa mashine wanakifahamu, kwa sababu mayai hayaanguliwi vizuri bila kuangalia unyevu. Ni kifaa kidogo kuliko kiganja, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya mashine. Kama jirani anacho, muombe akuazime kwa siku tatu. Kiweke chumba cha kulala, mbali na dirisha, jiko na nguo mbichi. Kisome asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala.

Usome usiku kwa makini. Mchana wa jua kali unyevu hushuka sana, lakini usiku joto likipungua asilimia hupanda yenyewe. Mashine utaiwasha usiku. Kama usiku kipimo kinasoma 40, huna shida ya hewa kavu, hata kama mchana kilisoma 25.

Kikohozi hiki ni cha ukavu au cha moshi?

Hapa tunaomba usome polepole. Nyumba nyingi za wasikilizaji wetu hupikia kuni au mkaa, na jiko liko ndani au limepakana na chumba cha kulala. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Moshi huwasha koo, huleta kikohozi cha usiku, na huwaongezea watoto wadogo hatari ya nimonia.

Mashine ya unyevu haiondoi moshi. Ukiiwasha kwenye chumba chenye moshi, utakuwa na moshi na ukungu pamoja. Kama mtoto anakohoa zaidi jioni wakati wa kupika, pesa ile ile ya alizeti itafanya kazi kubwa zaidi ikijenga jiko banifu lenye bomba la moshi, au ikihamisha jiko kwenye banda la nje.

Na kama mtoto ni mgonjwa, mashine si dawa. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima ukitumia saa ya simu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 12 mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, hizo ni pumzi za haraka. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea, usisubiri kupambazuke.

Kumfukiza mtoto kwa sufuria ya maji yanayochemka tunakataza kabisa. Sufuria hupinduka kwa sekunde moja, na kovu la moto hubaki maisha yote.

Jaribu kwanza kitambaa kilicholowa

Tuseme umepima, na kweli hewa ya usiku iko chini ya 30. Kabla ya dukani, tupige hesabu ndogo.

Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina hewa ya mita za ujazo 22 na nusu. Kwenye nyuzijoto 25, hewa ya chumba hicho ikishiba inabeba kama nusu lita ya maji. Kuipandisha kutoka asilimia 30 hadi 50 kunahitaji takriban gramu 100 za maji, yaani chini ya nusu kikombe cha chai.

Taulo moja iliyoloweshwa na kukamuliwa inabeba zaidi ya hapo. Itundike kwenye kamba chumbani jioni, mbali na taa ya moto na jiko, na uweke beseni chini kama inadondosha. Hewa kavu itayavuta maji yenyewe. Taulo ifuliwe na kuanikwa juani kila siku ili isianze kunuka.

Hesabu hii ina kasoro moja: hewa haikai chumbani. Inatoka na nyingine inaingia. Kama nyumba yako ina nafasi kati ya ukuta na paa, au dirisha la nondo lisilo na kioo, hewa yote ya chumba inaweza kubadilika mara kadhaa kwa saa. Kila ikibadilika, maji uliyoongeza yameondoka nayo. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna mashine ya bei ya kawaida itakayoshindana na upepo wa Dodoma. Mashine ina maana kwenye chumba chenye dari, madirisha ya vioo na mlango unaofunga vizuri.

Lakini tafadhali, usizibe nyumba ili mvuke usitoke. Tunawaambia hasa wasikilizaji wa Njombe, Makete na Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani kuota moto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Chumba kikifungwa, wanaolala humo wanaweza wasiamke. Beseni la maji juu ya jiko haliondoi sumu hiyo. Jiko likae nje, na dirisha libaki na mwanya.

Aina tatu za mashine

Ukiona bado unahitaji mashine, utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni ya mtetemo. Ndani yake kuna kisahani kinachotetemeka kwa kasi kubwa mno na kuyapasua maji kuwa ukungu wa baridi. Haina kelele, haitumii umeme mwingi, na haimuunguzi mtoto. Ndiyo inayoonekana zaidi kwenye matangazo ya simu. Ubaya wake ni kwamba chochote kilichomo kwenye maji, iwe chumvi, vijidudu au uchafu, kinarushwa hewani pamoja na ukungu.

Ya pili ni ya feni na kitambaa. Feni inapuliza hewa kupitia kitambaa au sifongo kilicholowa. Kwa maneno mengine, ni ile taulo yetu ikipepewa. Chumvi hubaki kwenye kitambaa, haiingii hewani. Pia hujizuia yenyewe, maana hewa ikikaribia kushiba maji hayavukizi tena kwa wingi. Kitambaa chake hubadilishwa baada ya muda, kwa hiyo uliza kwanza kama kinapatikana. Feni za maji zinazouzwa madukani kwa ajili ya kupoza chumba hufanya kazi kwa njia hii hii. Ndiyo maana zinapoza vizuri Dodoma na vibaya Dar es Salaam.

Ya tatu ni ya kuchemsha. Ina hita inayochemsha maji na kutoa mvuke wa moto. Vijidudu hufa kwenye kuchemka, na chumvi hubaki ndani. Lakini inaweza kuunguza, na inakula umeme. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, tunashauri muiache.

Na vile vidogo vya kuchomeka kwenye chaja ya simu, vyenye taa za rangi? Vingi hubeba maji ya glasi moja na kutoa vijiko viwili vitatu vya chakula kwa saa. Linganisha na hesabu yetu ya juu. Ni pambo la mezani. Chumba cha watoto havikitoshi.

Umeme utakula kiasi gani?

Geuza mashine, usome wati zilizoandikwa chini yake. Za mtetemo na za feni nyingi ziko kwenye wati 20 hadi 50. Za kuchemsha huanzia kama wati 200 na kupanda.

Chukua ya mtetemo yenye wati 30. Kwa saa 8 za usiku inatumia yuniti 0.24, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 7.2. Chukua sasa ya kuchemsha yenye wati 300. Kwa saa 8 ni yuniti 2.4, na kwa mwezi ni yuniti 72.

Nchini Tanzania, wateja wa nyumbani wa matumizi madogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, hununua umeme kwa bei nafuu. Mashine moja ya kuchemsha inakaribia kumaliza yuniti hizo zote kabla hujawasha taa hata moja. Ukivuka, unahamia kwenye bei ya juu. Muuzaji hatakwambia hilo, utaligundua mwenyewe kwenye LUKU.

Wanaotumia sola ya taa na kuchaji simu wasifikirie kabisa ya kuchemsha. Hata ya wati 30 kwa usiku mzima inaweza kumaliza betri ndogo na kukuacha gizani.

Maji gani utaweka?

Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji ya chumvi. Unayaona kwenye birika, yanaacha ukoko mweupe. Maji hayo ukiyaweka kwenye mashine ya mtetemo, asubuhi utakuta vumbi jeupe kwenye meza, kwenye simu na kwenye chandarua. Vumbi hilo ndilo mtoto alilovuta usiku kucha.

Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua kwa kuchemka, chumvi hubaki kwenye kiasi kidogo zaidi cha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu tu.

Kwa mashine ya mtetemo, maji mazuri kijijini ni ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, yakachujwa, yakachemshwa na kuachwa yapoe. Yana chumvi kidogo sana. Kama huna, chagua ya feni na kitambaa.

Kuna kosa moja la hatari. Wapo watakaokushauri ununue maji ya betri kwa sababu hayana chumvi. Madukani jina hilo hutumika pia kwa tindikali ya betri, na chupa zinafanana. Usiyaweke kwenye mashine, hata kidogo.

Usafi, na funzo la Korea Kusini

Tangi lenye maji ya vuguvugu yaliyolala ni shamba la vijidudu. Mwaga maji kila asubuhi, futa, acha tangi wazi likauke. Kila siku ya tatu lisugue. Ukoko mweupe ulainishe kwa siki, kisha usuuze. Ukitaka kuua vijidudu, tumia jiki kidogo iliyochanganywa na maji mengi, siku nyingine na si pamoja na siki, kisha usuuze mara kadhaa hadi harufu iishe. Jiki na siki zikichanganywa hutoa gesi ya sumu.

Ndani ya maji usiongeze kitu: si mafuta ya mkaratusi, si manukato, si dawa ya kuulia vijidudu. Watu wa Korea Kusini walijifunza hili kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1994 maduka ya huko yaliuza dawa za kuchanganya na maji ya mashine hizi ili tangi lisiote uchafu. Familia nyingi zilizitumia kwa nia njema, hasa zenye watoto wachanga. Mwaka 2011 madaktari walishtuka kupokea wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua wakiwa na mapafu yaliyoharibika vibaya. Uchunguzi wa serikali uliifikia dawa ile ya kwenye tangi, na mwaka huo huo ikaondolewa sokoni. Watu wengi walikufa, watoto wakiwemo, na wengine wanaishi na mapafu mabovu mpaka leo.

Kemikali iliyokuwa ikisafishia vyombo bila shida iligeuka sumu ilipofanywa ukungu na kuvutwa. Ndiyo maana tunasema: usiweke kwenye tangi kitu ambacho hungependa kiingie kwenye mapafu ya mtoto.

Ukifika dukani

Ukiwa umeamua kununua, beba maswali haya:

- Ni ya aina gani: mtetemo, feni na kitambaa, au kuchemsha?
- Inatumia wati ngapi?
- Inatoa maji kiasi gani kwa saa? Kwa chumba cha kulala tafuta angalau mililita 100 hadi 200.
- Mkono wangu unaingia ndani ya tangi? Kama hauingii, hutaweza kulisugua.
- Inajizima maji yakiisha?
- Kitambaa cha kubadilisha kinapatikana wapi, na ni bei gani?

Waambie waiwashe mbele yako. Nyumbani, iweke juu ya meza, zaidi ya mita moja kutoka kitandani, waya usining'inie mtoto akauvuta. Kipima unyevu kikifika 50, izime. Ukiona matone kwenye kioo cha dirisha au ukuta umelowa, umepitiliza.

Turudi kwa mama wa Kongwa

Tulimjibu hivi. Leo hesabu pumzi za mtoto. Zikiwa za haraka, nenda zahanati. Damu ya pua ikitoka, mkalishe, ainamishe kichwa mbele kidogo, na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Isipokatika, mpeleke. Midomo ipake mafuta ya mgando. Jiko litoke ndani. Usiku tundika taulo mbichi, na azima kipima unyevu kwa siku tatu.

Kama baada ya hapo kipimo cha usiku bado kiko chini ya 30 na chumba kina dari na madirisha ya vioo, nunua ya feni na kitambaa, kwa sababu maji ya kisima chako yana chumvi. Kama sivyo, pesa ya alizeti usiitoe. Mbegu za msimu ujao nazo zinaisubiri.

Nawe msikilizaji, kama umepima chumbani kwako, tuandikie tujue kipimo kilisoma ngapi usiku, na nyumba yako imejengwaje. Tutayasoma majibu kipindini.